Bunduki Haipigiwi Magoti

Hakuna msemo ninaouchukia kama "ajali haina kinga." Nimeusikia msibani, nimeusikia hospitali, nimeusikia kwa dereva aliyelewa mchana kweupe akaingia mtaroni njia ya Lamadi na lori zima la dagaa. Kila aliyezembea huukimbilia msemo huo kama kuku anavyokimbilia uvunguni. Mimi ni mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bariadi, nashika shotigani kila ninapoingia zamu, na miaka yote niliyokaa getini imenifundisha kinyume chake. Ajali ya bunduki ina kinga. Kinga yenyewe ni mtu mmoja mkorofi anayesimama mlangoni na kukataa kuamini.

Mkorofi huyo ni mimi, na sioni haya kusema.

Nilipitia mafunzo ya mgambo nikiwa msichana. Kijijini walishangaa natafuta nini kule, na mama yangu mdogo alitabiri kwamba nitakosa mume. Mume nilimpata, na mpaka leo nalenga shabaha vizuri kuliko yeye. Baadaye nikaajiriwa kiwandani, na huko ndiko nilikozoea ndoo ya mchanga. Iko pembeni ya kibanda chetu cha ulinzi, ndoo kubwa iliyojaa hadi mdomoni. Anayetoka zamu huelekeza mtutu kwenye mchanga, hufungua bunduki, hutoa risasi na kuonyesha. Anayeingia huchungulia, kisha hutia kidole chake mwenyewe kwenye chemba. Hata kama mmekula ugali sahani moja asubuhi, kidole lazima kiingie. Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa hasira kama namwona yeye mwongo. Nilimwambia hapana, nakuona binadamu.

Sasa, wakati wa kiangazi, pamba ikishauzwa na watu wana nafasi, wenye silaha za halali wa pande zetu huitwa kuzileta zihakikiwe. Hukusanyika kwenye uwanja mmoja nje kidogo ya mji. Wanakuja wafanyabiashara wa ng'ombe na shotigani zao ndani ya mifuko ya ngozi, wanakuja walinzi, na wanakuja wazee wa vijiji vinavyopakana na pori na magobore yao yamefungwa kwenye kanga za wake zao, juu ya baiskeli. Mtu wa mjini akiona gobore hucheka. Aje alale kwetu siku tembo wameingia kwenye mahindi, atajua kwa nini mzee analipenda kuliko redio yake. Basi siku hiyo uwanja hugeuka mnada. Watu ambao hawana hata manati huja kuangalia, wanawake huweka masufuria ya uji na maandazi, watoto hupita katikati ya miguu.

Katikati ya watu wote hao, bunduki. Na zamani hazikukaguliwa mpaka mtu afike mezani, ndani kabisa ya uwanja.

Mwaka mmoja likatokea lililokuwa likingojewa. Mwenye gobore mmoja alikuwa akimwonyesha mwenzake jinsi triga yake ilivyo laini. Ilikuwa laini kweli. Goroli zilipita kwenye sufuria ya uji ya rafiki yangu, tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye wakati huo alikuwa ameinama kuokota kikombe. Asingeinama, tungemzika. Uji wa moto ulimwagika wote miguuni kwake, na makovu anayo hadi leo. Watu walikimbia, wakarudi, wakapeana pole, na kabla jua halijageuka nikausikia ule msemo wangu kutoka kwa mzee mmoja, kisha kwa mwingine, hata kwa mwenye gobore mwenyewe. Nilipandwa na hasira. Nilikuwa nimekuja pale kuleta silaha za kiwanda tu, lakini nilikwenda moja kwa moja kwa afande aliyesimamia zoezi na kumwambia mbele ya askari wake kwamba kiwandani kwetu hata marobota ya pamba yanalindwa kwa akili kuliko watu wa uwanja huu.

Afande yule ni mtu mvumilivu. Angeweza kunifukuza. Aliniuliza tu ningefanya nini, nami nikamweleza habari za mchanga. Kila bunduki ikomee nje, iwekwe juu ya viroba vya mchanga ikitazama tuta la udongo, ikaguliwe, ifungwe uzi, ndipo iingie. Bila kumbagua mtu. Alifikiri, akasema tatizo ni wazee. Hawatakubali kupekuliwa kama wezi wa kuku, na wakisusa, wakarudi na silaha zao bila kuhakikiwa, vibali vyao vitaingia matatani, na tembo hawasomi vibali. Mwisho alikubali kwa sharti. Mwaka unaofuata atanipa geti, nijaribu mara moja. Nikivurugana na wazee, geti linakufa na utaratibu unarudi wa zamani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata niliomba ruhusa kazini nikaenda kulijenga geti langu. Nilipanga viroba mbele ya tuta, nikaleta uzi mnene wa kushonea magunia kutoka kiwandani, nikakata kandambili chakavu vipande vidogo vidogo. Shotigani ilikuwa rahisi: unaifungua, unatia kidole, unapitisha uzi kutoka kwenye chemba hadi mdomoni, unafunga fundo. Gobore ndilo lenye kesi, maana huwezi kulifungua ukachungulia. Kwanza unatoa fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti kinachokaa chini ya nyundo. Kisha unachukua ufito wake wa chuma wa kushindilia baruti, unaulaza juu ya mtutu kwa nje kuanzia pale penye fataki hadi mdomoni, na unashika kwa kidole gumba mahali unapoishia mdomo. Halafu unautumbukiza ndani. Ukizama mpaka kidole gumba kikagusa mdomo, bunduki ni tupu. Ukibaki juu, kuna kitu kimelala chini. Mwisho unaweka kipande cha kandambili chini ya nyundo na kukifunga kwa uzi.

Na mara nyingi kitu kimelala. Wazee wa kandokando ya pori wana desturi yao, nami nimezaliwa ndani yake. Gobore la kufukuzia tembo halilali njaa. Hushindiliwa baruti na kitambaa, bila goroli, likatundikwa juu ya mlango, ili tembo wakija mwenye nyumba asianze kupapasa gizani. Analipiga hewani, tembo wanatishika, basi. Likitulia wiki mbili mwenyewe anasahau kama lilishiba au la, na hata akikumbuka, kwake hiyo bado ni bunduki tupu kwa sababu haina goroli. Mweleze kwamba kitambaa kilichoshindiliwa vile kikimpata mtu wa karibu kinatoboa tumbo, atakuambia tangu babu yake hakijatoboa.

Asubuhi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Wafanyabiashara wa ng'ombe walinitania kwamba nimekosa kazi ya kufanya, nikawatania kwamba bunduki zao zina kutu kuliko ndoa zao, tukaenda hivyo. Rafiki yangu muuza uji alikuwa ameweka sufuria yake mpya upande wa geti, akisema safari hii anataka kukaa mahali anaponiona. Afande alisimama mbali chini ya hema, mikono nyuma, akitazama.

Ndipo kikaja kikundi cha wazee wa kijiji chetu, wamekokota baiskeli, na aliyetangulia ni baba yangu.

Baba ndiye kiongozi wa wenye magobore kule kwetu. Tembo wakija, yeye ndiye anayeitwa kwanza. Alijua nafanya kazi ya ulinzi mjini, ila hakujua kwamba ndimi nitakayekuwa getini siku ile. Aliponiona nimesimama na sare yangu, kofia sawasawa, watu wote wakinifuata ninavyoelekeza, uso wake ulifunguka. Aliwageukia wenzake akawaambia kwa Kisukuma kwamba yule pale ni wake. Nilisikia. Nadhani hakuna siku nyingine maishani mwangu niliyotembea nimenyooka kama siku ile kumwendea.

Kwetu binti hamwamkii baba yake akiwa amesimama. Nilipiga magoti pale pale vumbini na suruali yangu ya kazi iliyopigwa pasi, mbele ya uwanja mzima. Nikamwambia mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Akaitikia, akaulizia watoto, mume, kazi, nami nikaulizia mama, ng'ombe na mvua. Hatukuharakisha. Wapo mabinti wa mjini wanaoona kupiga magoti ni kujishusha. Mimi sijawahi kuona hivyo. Heshima si utumwa. Salamu zilipokwisha nikasimama, nikapangusa magoti.

"Baba," nikamwambia, "iweke hapa juu ya viroba."

Ule uso uliofunguka ukafungika. Alisema haina kitu. Nikamwambia najua, baba, iweke tu. Akasema tena haina kitu, taratibu zaidi, kwa sauti aliyokuwa akiitumia tulipokuwa wadogo na hakutaka kurudia mara ya tatu. Bunduki ya baba kwetu haishikwi na binti. Nyumbani hatukuruhusiwa hata kulisogeza gobore lile tukifagia. Na nyuma yake walikuwa wazee wenzake, wote wametulia, wakisubiri waone baba anafanywaje ili wajue na wao watafanya nini.

Niliyaona yote kwa pamoja. Akigeuza baiskeli, kijiji kizima kinageuza, na geti langu limekufa. Nikimwachia apite kwa kuwa ni baba yangu, basi kila mzee kwenye foleni ile ni baba wa mtu, na geti limekufa vilevile. Afande alikuwa ametoa mikono nyuma. Nilisimama tu pembeni ya viroba nikimtazama baba kifuani, kwa sababu machoni sikuweza.

Alifungua kanga ya mama polepole, fundo moja baada ya jingine. Akalitoa gobore, akaliweka juu ya mchanga, mdomo ukitazama tuta.

Fataki haikuwepo. Nilichukua ufito, nikaulaza juu ya mtutu, nikaweka kidole gumba changu, nikautumbukiza. Ulishuka wote ukagonga chuma kule chini kwa mlio safi, na kidole changu kikagusa mdomo. Bunduki ilikuwa tupu, kama alivyosema.

Watu walianza kunong'ona. Mmoja akasema wazi kwamba nimemwaibisha mzee bure. Niliumia, siwezi kuficha. Nilifunga kandambili na uzi kwenye nyundo kwa vidole vizito, nikamkabidhi baba bunduki yake kwa mikono miwili, naye akaipokea bila kunitazama.

Aliyefuata ni rafiki yake wa tangu wanachunga ng'ombe, jirani yetu, mtu aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Yeye hakusimama kabisa. Alisema kwa kuwa baba ameonekana mkweli, basi wote ni wakweli, wametoka kijiji kimoja. Akaliweka gobore lake begani akakata kona kuingia uwanjani kwa upande wa masufuria. Alivyogeuka, mdomo wa ile bunduki ulipita juu ya vichwa vya wanawake, na nikamwona rafiki yangu akiinama mwenyewe bila kuambiwa. Nilimkimbilia yule mzee nikamsimamia mbele.

"Mtoto wa kike," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "umemvua baba yako nguo mbele za watu. Sasa unataka na mimi?"

Mimi ni mwepesi wa kujibu, kila anayenijua atakuambia. Siku ile niliwahiwa. Aliyejibu alikuwa nyuma yangu.

"Amenipigia magoti mimi," baba akasema. "Ulitaka aipigie na bunduki?"

Hakuna aliyecheka. Yule mzee alimtazama baba, baba akamtazama yeye.

"Weka chini," baba akamwambia.

Akaweka. Nilipoinua nyundo nilikuta fataki imekaa mahali pake, imefunikwa nta ya nyuki ili isipate unyevu. Alikuwa ameibeba hivyo juu ya baiskeli njia nzima, kwenye mashimo na mawe. Niliitoa kwanza. Kisha nikapima kwa ufito kwa nje, nikautumbukiza, nao ukasimama. Kati ya kidole changu na mdomo wa mtutu palibaki kiganja kizima.

"Hamna goroli, mayu," mzee akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, na sauti ilikuwa nyingine. "Nakuapia, hata moja."

Nilimwambia namwamini. Wala hakuwa akidanganya. Tukawarudisha watu wote nyuma, wanawake wakafunika masufuria, askari mmoja akatia fataki na kulifyatua gobore kwenye viroba. Mlio wake ulirudi kutoka ng'ambo ya uwanja. Kiroba cha mbele kilipasuka tumbo, mchanga ukawa unamwagika taratibu, na ndani ya lile shimo kitambaa cha bluu kilikuwa kinafuka moshi. Mzee alikuja akakitazama. Kilikuwa kipande cha shati lake mwenyewe, akakitambua. Aligeuza macho pale aliposimama awali, kwenye ile kona ya masufuria, halafu akakaa chini kama mtu aliyechoka ghafla.

Sikuusikia ule msemo siku ile. Nilichosikia ni wazee wawili watatu kwenye foleni wakisema, kwa sauti ya chini, kwamba huenda na zao zimeshiba. Wakatoka wenyewe kwenye mstari, wakaja kwenye mchanga. Hakuna aliyesusa na hakuna aliyerudi kijijini bila kuhakikiwa. Jioni afande alikuja akapiga kiroba kilichopasuka kwa ncha ya kiatu chake, akaniambia mwakani nilete viroba vingi zaidi. Nilijivuna. Bado najivuna, na mtu asinitake niwe mnyenyekevu kwa jambo hili.

Baba alikunywa uji kwa rafiki yangu, vikombe viwili. Alipokuwa anaondoka aliniita akaomba nimkatie uzi. Nikadhani anataka kufungia mzigo kwenye baiskeli. Alichukua ufito wake, akaulaza juu ya mtutu kama alivyoniona nikifanya, akazungushia uzi pale mahali pa kidole gumba na kuukaza kwa meno. Kisha akapanda baiskeli. Niliambiwa baadaye na mama kwamba siku hizi mtu akija kwetu na gobore, hapewi kigoda mpaka ufito uzame hadi kwenye uzi. Yule rafiki wa baba ndiye anayesimamia, na ni mkali kuliko mimi.

Kiangazi hiki geti lilikuwa na askari mgeni, amehamia karibuni, kijana wa watu mwenye adabu. Mimi nilikuwa nimekaa kidogo kwa muuza uji, nimeshika kikombe, ndipo nikamwona baba anafika. Miguu yake imechoka sasa, baiskeli anaiegemea zaidi ya kuiendesha. Yule askari aliona mvi, akamwamkia shikamoo, akasogea pembeni na kumwonyesha njia kwa mkono. Pita tu mzee wangu, akamwambia.

Baba hakupita. Alimuuliza kama amemtazama vizuri. Askari akasema ndiyo, mzee, pita. Baba akatikisa kichwa, akaegesha baiskeli yake katikati ya geti, kwa upana, pasipite hata mbuzi.

"Mimi ndiyo umeniamkia," akasema. "Hii bado."

Akafungua kanga, akalilaza gobore lake juu ya mchanga, akamnyooshea yule askari ufito wenye uzi wa magunia. Rafiki yangu alinigusa bega akaniambia niende nikasaidie, foleni imeziba. Sikwenda. Nilikaa na kikombe changu nikamtazama baba yangu akifunga njia, na foleni nzima nyuma yake ikasubiri.